Jicho Moja na Mchemraba

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemimina chai mezani badala ya kikombeni. Mara ya tatu tangu Ijumaa. Daktari alisema ubongo utazoea. Miezi mitatu sasa, na vitu vyote bado vimebandikwa mbele yangu kama picha za kalenda – kikombe, birika, mume wangu. Nikinyoosha mkono, nakamata hewa.

Karakanani Kaka kanipa msasa tena. Miaka kumi na tisa nimekata viungo vya milango na makabati, leo nasugua miguu ya viti. Mteja kauliza mbona sipo kwenye msumeno. Kaka akajibu kwamba macho yananisumbua kidogo. Kidogo! Jicho la kushoto halipo. Akipenda, chongo huita kengeza – ila sijui kama huku ni kupenda au ni kuogopa.

Jumatano, 5 Machi

Kifutio kaja. Huyu ni binti wa Kaka, anasomea uchoraji wa majengo. Jina kalipata kwa sababu anafuta kuliko anavyochora. Kanikuta nahangaika kutunga uzi kwenye sindano. Hakunisaidia. Kachukua karatasi, kachora miraba miwili, mmoja umempanda mwenzake kidogo upande wa juu, kisha akaunganisha pembe kwa pembe. Mistari minne tu.

Sanduku! Limetokeza pale pale. Nimepapasa karatasi kwa kidole – bapa vilevile.

Nikamwambia mimi sioni kina tena, haya hayanihusu. Akasema, "Shangazi, wachoraji hufumba jicho moja makusudi ili wachore vizuri. Wewe umeshafumba, umewatangulia."

Sikujua nicheke au nilie. Nikacheka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechora michemraba arobaini na mmoja. Mingi imelewa. Wa thelathini na nane umesimama kama mtu mwenye heshima zake, nimeuzungushia duara.

Halafu kikombe. Kifutio kaniambia nichore ninachokiona, si ninachokijua. Najua mdomo wa kikombe ni mviringo. Basi nikatazama. Si mviringo – ni yai lililolala. Nikikiinua, yai linabanwa. Kikifika usawa wa jicho, linabaki uzi. Nikikishusha, linafunguka tena taratibu, kama mtu anayeamka. Nimeinua na kushusha mara ishirini. Mume wangu kauliza kama kikombe kimepata ufa. Nikamwambia nimekunywa humu miaka yote na leo ndiyo nimekiona. Akaondoka polepole.

Alhamisi, 13 Machi

Sijui niandikeje haya.

Kifutio kanipeleka chuoni kwao, kwenye korido. Ndefu, milango huku na huku, vigae chini, taa juu. Kanisimamisha katikati. Kaniambia ninyooshe penseli, nifuate mstari ambapo dari inakutana na ukuta. Unashuka. Sasa wa sakafu. Unapanda. Sasa vizingiti vya milango, upande huu na upande ule. Yote inakwenda mahali pamoja, kwenye nukta moja katika mlango wa mwisho, kimo sawasawa na jicho langu.

Nikachuchumaa. Nukta ikachuchumaa. Nikapanda kwenye kiti. Ikapanda nami.

Alipita mfagizi na ndoo yake. Nikamuuliza Kifutio, na yule? Akasema yule ana nukta yake, kila mtu anatembea na yake. Nikaketi sakafuni. Akadhani nimechoka. Sikuchoka. Nilikuwa nawaza wanafunzi wote waliomo humo, wote waliowahi kupita, kila mmoja korido nzima imemnyookea yeye, na hakuna anayegombana na mwenzake.

Jicho lilipoondoka nilidhani limeondoka na kina chote cha dunia. Kumbe kimeachwa kila mahali. Kipo kwenye vigae vinavyopungua. Kipo kwenye mlango unaoufunika nusu mlango wa nyuma yake. Hakuna aliyekuja kukichukua.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Sikutaka kupanda gari, ningekosa kuona mapaa yanavyoinama.

Jumatatu, 17 Machi

Chai imeingia kikombeni. Tone moja tu nje.

Kaka kakiona kigoda nilichokichora wakati wa mapumziko. Kaigeuza karatasi huku na huku. Kaikunja, kaitia mfuko wa shati, karudi kwenye msumeno.

Ni kwenye msumeno huo huo nilikopoteza jicho. Alikuwa akipasua mbao za nyumba iliyobomolewa, mimi nimeshika mwisho wa ubao. Nilimwambia tukague misumari kwanza. Mmoja ukaruka. Hajawahi kuitaja siku ile. Hospitali alileta matunda, akazungumzia mvua.

Jumanne, 25 Machi

Mteja mpya: mkunga mstaafu. Anataka ngazi ya mbao ya kupanda ghorofani, nyumba yake nyembamba. Kaka kamweleza kwa mikono, inapanda hivi, inakata kona hivi. Mama wa watu kamtazama mikono hadi mwisho, akasema haoni kitu. Mafundi wawili wameshampungia mikono kabla yetu. Anataka kuiona kabla ubao haujakatwa.

Kaka akanigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu ajali kanitazama usoni, si begani.

"Utaweza?"

Nikasema nitajaribu. Kifutio hatanisaidia, ana mitihani.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika nimeketi kwenye benchi, nje ya sebule ya mkunga. Kaka kasema aingie kwanza yeye na mchoro.

Siku tatu nimeichora. Mara nne nimechana. Vidato vya chini vipana, kisha vinapungua na kusongamana, hadi kile cha juu kabisa kimekuwa uzi. Asubuhi nilipoumaliza nilisogea nyuma, na magoti yalitaka kupanda. Mtu kaweka nyumba kwenye karatasi, na mtu huyo ni mimi.

Mlango haukufungwa vizuri. Sasa mkunga anauliza kama hapo konani mtu aliyebeba mtoto atapita. Kaka kasema atapita. Na nani kachora, mkunga anauliza.

"Dada yangu. Na mbao atakata yeye."

Hilo sikuwa nalijua.

Mkunga kashusha sauti, lakini nimesikia. Si ndiye yule dada mwenye jicho moja?

Nasikia saa ya ukutani, kisha sauti ya Kaka.

"Ndiye. Nililitoa mimi. Aliniambia tukague misumari, nikamwambia tusipoteze muda."

Mistari ninayoandika inapanda na kushuka. Mkunga anasema kitu, sikipati. Kiti kimesogezwa. Nyayo za Kaka zinakuja mlangoni, na mimi bado sijajua niufanye nini uso wangu