Kidoti na Diski Zisizoonekana

Jumatatu, 3 Juni

Nimesema, na sijutii. Kompyuta ya kliniki imegoma. Inawaka, inaandika maneno meupe, inanyamaza. Kadi za wajawazito wote zimo mle! Matroni kashika kiuno. Mimi na fagio langu nikasema: binti yangu kasomea hayo. Akauliza, kasomea au anachezea tu? Nikamwambia: Kidoti wangu akiigusa tu, itaimba. (Nilizidisha. Kidogo.)

Kakubali! Akiiponya kufikia Ijumaa, kazi ya kutunza kumbukumbu ni yake. Ikimshinda, ataitwa fundi wa nje. Mwaka mzima mtoto yuko nyumbani na cheti chake ukutani. Ee Mungu.

Jumanne, 4 Juni

Kaja na kibegi chake cha bisibisi. Blauzi nimempigia pasi mwenyewe. Kaifungua ile mashine kama mimi ninavyomenya kitunguu! Anasema diski yenye kadi ni nzima, ila mfumo ulioiendesha mashine umeharibika. Stoo kukawa na diski nyingine, ya kompyuta iliyokufa zamani. Ataweka mfumo mpya kwenye hiyo ya stoo, ile ya kadi asiiguse.

Kachomeka flashi yenye mfumo. Skrini ikauliza: niuweke wapi? Chini yake — patupu. Haioni diski hata moja. Nikasema labda vumbi, nilete kitambaa? Kacheka mpaka kile kidoti cha shavuni kikazama. Mtoto mzuri huyu, haki ya Mungu.

Jumatano, 5 Juni

Kachomoa waya, kachomeka tena, kabadili tundu. Patupu! Kisha kaingia kwenye mipangilio ya mashine yenyewe — huko diski zote mbili zipo. Akageuka: "Mama, diski hazina shida. Kinachokosekana ni dereva."

Dereva? Si ungesema mapema! Nikatoka mbio hadi getini. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa anakata kucha. Nikamvuta mkono: twende, kazi imesimama kwa sababu yako. Akaja anafunga mkanda, anauliza mgonjwa yuko wapi. Kidoti akamtazama yeye, akanitazama mimi.

Kumbe dereva ni kiprogramu! Kinaifanya flashi ielewane na diski. Matroni kacheka hadi kutoa machozi. Yule kaka wa watu akasema haya, basi andikeni mimi ni wa akiba.

Nimewapa raha, sawa. Jioni Kidoti kanikumbatia shingo: "Mama, nani mwingine angenikimbilia hivyo?" Nikajifanya natafuta chumvi.

Alhamisi, 6 Juni

Kaipata dereva kwa simu, kaitia kwenye flashi. Imekataa. Mara tatu. Hakula mchana. Matroni kapita, kachungulia, kaitazama kalenda ukutani. Afadhali angefoka.

Ijumaa, 7 Juni

Naandikia hapa hapa kwenye benchi la wajawazito. ZIMEONEKANA! Ile dereva ilikuwa bado imebanwa kama kifurushi. Kaifungua kwanza, imekubali. (Imekubali, siyo amekubali. Nimejifunza.) Nilipiga kigelegele, muuguzi akatoka na glavu akidhani kuna aliyejifungua.

Lakini zimetokea mapacha. Ukubwa mmoja, hazina majina, kila moja ina vitu vya zamani. Moja tu kati yake ndiyo ya kadi. Matroni kasema bonyeza basi binti, saa tisa nafunga. Kidoti kauondoa mkono kwenye mausi. Anasema akikosea anawafuta kina mama wote. Anataka azime, achomoe ya kadi, aanze upya na moja.

"Leo ni Ijumaa," Matroni kasema. "Nilisema Ijumaa."

Wote wawili wakanigeukia. Mimi niliyeahidi itaimba! Neno "bonyeza" lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikamtazama mwanangu. Midomo imemkauka, lakini macho hayachezi.

Nikasema: zima, mwanangu.

Kazima. Skrini nyeusi. Sasa yuko chini ya meza, viatu vyangu vya kanisani nilivyomwazima ndivyo pekee ninavyoviona. Saa tisa na dakika nane. Matroni yuko mlangoni na funguo. Hajafunga. Kanyoosha mkono — anammulikia tochi ya simu —