Pole Kwenye Uwanja wa Gofu

Dada Zaina, shikamoo. Huko Manundu mvua imenyesha?

Leo mwanangu Halima kanileta Arusha kwenye fainali ya gofu, kisha akaniacha peke yangu akaingia kazini kwake, jikoni mwa klabu. Watu wamejaa, lakini kimya kuliko msikitini. Unamsalimia mtu, anakutazama tu.

Mchezaji mmoja mtu mzima akapiga mpira, ukapita kando kidogo ya shimo. Mimi nikamwambia kwa sauti, "Pole, baba!" Wote wakanigeukia. Mlinzi akaweka kidole mdomoni. Aibu niliyoiona! Yule mchezaji akavua kofia: "Asante mama, nimeshapoa."

Tangu asubuhi ni yeye tu aliyenisemesha.

Nisalimie wote hapo nyumbani, mmoja mmoja kwa jina, na usiondoke mpaka waitikie.

Mdogo wako,
Mwanaidi