Verna Ajiandikisha Upande wa Mbwa

Arlene, kaa kitako kwanza. Ndiyo tunatoka na Verna bunge la Ohio.

Unaujua mkono wake, ulioraruliwa na mbwa wa jirani. Leo alikuja kuomba sheria ya kudhibiti mbwa wakali ipite. Mlangoni kapewa fomu: unaunga mkono au unapinga? Akaandika ANAPINGA. Eti anapinga mbwa kung'ata watu.

Anapinga, mwenzangu.

Wafugaji wa mbwa, waliokuja kuupinga muswada kweli, wakampokea kama bibi harusi. Mmoja, Bwana Kessler, akampisha kiti, akamletea maji. "Karibu mama, tuko pamoja." Naye Verna anashukuru tu.

Mwenyekiti wa kamati akamwita. "Bi Verna, kwa nini unaupinga muswada?"

Akapandisha mkono wa sweta, makovu yote nje. "Mheshimiwa, mimi napinga hiki hapa."

Wale mashujaa wa mbwa wakaanza kukagua viatu vyao. Kessler peke yake aliinuka, akamshikia kipaza sauti, maana mkono ule haushiki kitu. Akamshikia mpaka mwisho.

Kamati imeupitisha. Karani naye anasema fomu haibadilishwi, kwa hiyo kumbukumbu za jimbo zinaonyesha Verna kashindwa.

Yuko hapa kwenye gari, mshindwa wetu, anacheka mpaka machozi.