Samaki Uliowapasha Moto

Mwanza, 9 Agosti 1938

Mama, shikamoo.

Kanga yako na chumvi anavyo dada Odeta, ndiye atakayekusomea barua hii. Mimi ni mzima, ila nina hasira na sijui nimmwagie nani.

Wale samaki wa kopo aliokula baba siku moja kabla kope hazijamwangukia na pumzi kukatika, niliwachoma panya sita sindano ya mchuzi wao hapa maabara ya hospitali. Leo panya wote wameamka wazima, wanakula na kupigana. Daktari ameandika kwamba samaki hawana sumu.

Ndipo Odeta akaniambia kwamba kabla ya kumpa bakuli aniletee hapa uliwachemsha tena, ukakamulia na ndimu. Eti ulisema, "Nimpelekee Bwana Daktari chakula kimepoa, nina wazimu?"

Mama! Sumu ya kopo lililovimba huuawa na moto. Baba aliwala baridi kwa sababu alikuwa anawahi mtumbwi wa Kamanga, halafu daktari, ambaye hata haonji, ndiye ukampashia!

Sasa baba mdogo Mayala anasema kama samaki ni safi, basi sumu ilitoka mkononi mwako. Ijumaa atasimama barazani kukushtaki, na karatasi hiyo ya daktari iliyotokana na panya wangu mwenyewe.

Limebaki kopo. Usilioshe hata likinuka, mpe Odeta aniletee; mafuta ya ndani yatanitosha kuwachoma panya wengine.

Ila nakujua kwa usafi. Naogopa Odeta anasoma hapa, nawe unalinywea maji.

Mwanao,
Chenge