Bwana Fundi Saa na Bibi

Dada yangu mpendwa,

Sasa hivi tu mwanao amelamba gundi ya bahasha tano, moja baada ya nyingine, akanitolea ulimi nione ulivyonata, kisha akaomba ya sita. Nimemfuta mdomo, nimemkalisha chini ya meza na kalamu isiyo na wino, ndipo nimepata mkono wa kukuandikia. Hujambo lakini? Shemeji naye? Na lile goti lako, limepoa au bado linakutabiria mvua? Sisi wazima kabisa. Mwanao ana miaka mitatu na meno yote, na anajua kwamba ana mama mkubwa, maana kila asubuhi namwonyesha picha yako. Anaiamkia shikamoo, halafu anangoja ijibu.

Najua tumenyamaziana muda wote huo. Najua pia maneno yako ya mwisho pale mlangoni, tumbo langu likiwa mbele kama ngoma. Ulisema siku nikiolewa nisithubutu kukuletea kadi. Ulinilea tangu wazazi walipotutoka, ukaacha shule ili mimi nisome, nami nikaishia kidato cha pili. Hasira ilikuwa haki yako. Nisikilize tu, kadi tutaifikia.

Nafanya kazi kwenye duka la kuchapa kadi. Kazi yangu ni kuandika majina juu ya bahasha kwa mkono, kwa mwandiko ule ule ulionichapia vidole mpaka ukanyooka. Mwenye duka tunamwita Mzee Nukta, kwa kuwa hakuna nukta inayompita. Siku ya kwanza aliniambia bahasha ndiyo mlango wa harusi, na mtu akijigonga kichwa mlangoni, humo ndani hali kwa raha. Waliooana ni Bwana na Bibi. Mwenye cheo, cheo kitangulie, hata kama ni cha mke. Kijana mzima anayeishi kwao apewe bahasha yake, asibebwe na baba yake kama mwavuli. Neno familia nisilimwage ovyo, maana watakuja wote na paka wao. Jina lisifupishwe. Na mwenye shughuli haandikiwi bahasha kabisa, kwa sababu mtu haalikwi nyumbani kwake. Hilo la mwisho lishike, dada.

Basi mwaka jana akaja mama mmoja mkali anayemwoza binti yake, na orodha ya bahasha mia mbili. Mwanao alikuwa anaota magego, nimempakata huku naandika, Bwana na Bibi, Bwana na Bibi, mpaka mkono ukawa unakwenda wenyewe kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Fundi saa wa mtaa wa nyuma aliandikwa peke yake kwenye orodha. Mimi nikaliandika jina lake vizuri, nikaongeza “na Bibi”.

Fundi hana mke. Mwingine angenuna. Yeye aliisoma ile bahasha mara mbili, akaingia chumba cha pili kumwambia bibi yake mzaa mama ajiandae, wamealikwa wote wawili! Ndiye aliyemlea, ana miaka themanini na kitu, na tangu masikio yaanze kumpa kisogo alikuwa hajaalikwa popote. Alifika harusini na viatu vinavyong'aa, akakaa kiti cha mjomba wa bwana harusi. Mjomba alipomweleza kwamba kiti kina mwenyewe, bibi alichomoa bahasha kwenye pochi akamwambia asome, kama shule alikwenda.

Jumatatu mama mteja alitua dukani akifoka, anataka kujua ni nani aliyemwalika ajuza. Mzee Nukta akaniangalia juu ya miwani. Sijafungua mdomo, mlango ukafunguka, bibi anaingia ameshikwa mkono na mjukuu wake. Amekuja kumshukuru aliyemkumbuka. Dada, nilitamani ardhi inimeze. Nikakiri mbele ya wote kwamba nimekosea, lile neno Bibi sikumwandikia yeye. Mjukuu akamrudia maneno sikioni, naye akacheka mpaka akashikilia meza. Akasema kama Bibi wa kwenye bahasha si yeye, basi aliyemwandika anajua alipo, amlete. Hata mama mteja alicheka. Fundi alikuwa ameikazia macho saa ya ukutani, kama imesimama.

Tangu siku hiyo akawa anakuja kuikagua saa hiyo. Nzima! Mzee Nukta akasema hajaona saa mgonjwa inayopendwa hivyo. Mwanao akamzoea, akawa anapanda magotini kusikiliza saa yake ya mkononi. Nami nilimweleza fundi yote, hata ya pale mlangoni kwako. Akasema dada aliyekasirika kiasi hicho alipenda kiasi hicho.

Ndiyo, dada, naolewa. Nimeshaandika, na moyo unadunda kama mashine ya kuchapia! Wazee wake wameuliza waje kuniposa kwa nani. Nimewajibu, kwa dada yangu.

Na sasa nikiri. Ulisema nisikuletee kadi, nami nimekutii. Hiyo karatasi iliyomo humu si mwaliko. Ni nakala ya kusahihisha, kadi zenyewe hazijachapwa. Juu kabisa, mahali pa wazazi wa bibi harusi, nimeweka jina lako lote, bila kulifupisha. Wewe ndiye mwenye shughuli, nitakualikaje? Kama hulitaki pale, likate kwa kalamu unirudishie. Sitakulaumu, ila sitaweka jina lingine, pataachwa peupe. Kama liko sawa, nikagulie herufi tu, maana wewe ndiye uliyenifundisha kuliandika. Mashine itakungoja wiki mbili.

Mwanao anauliza kama bibi harusi ni lazima awe mzee. Nisalimie sana shemeji, mwambie vile viazi vyake vya kuungua bado navikumbuka, na majirani wote wa

Mzee Nukta ananiita, anakwenda posta, anaitaka barua kama ilivyo, anasema nukta nitaiweka siku nyingine. Mwanao ametoka chini ya meza na picha yako, amekuamkia tena, na safari hii hataki kuirudisha, anasema tungoje kidogo, mama mkubwa ataitikia, nami nimemwambia