Komeo la Sekunde Nane

Susuni, Tarime
Jumapili, 8 Septemba 2019

Rafiki yangu mpendwa Awino,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Migori, na kile kifua chako kimepona kabisa. Mimi ni mzima wa mwili. Kabla sijaendelea nataka ujue jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: siku kaka yako alipopigwa, kitufe cha kufungulia mlango kilikuwa mfukoni mwa sketi yangu, na kilikuwa kinafanya kazi.

Umeniuliza kama ni kweli kaka yako Okinyi aliiba mawe ya dhahabu ya Baba. Umesema mama yenu anampakulia chakula peke yake jikoni, na hamwiti tena kwa jina. Nitakueleza kwa utaratibu, maana kwa mdomo nisingeweza.

Unakumbuka kile kisukumio alichoninunulia Okinyi huko Migori kwa mshahara wake wa kusaga mawe kwenye karasha. Ni mota ndogo inayozungusha parafujo, na parafujo inasukuma fimbo mbele sentimita kumi. Ukiipa namba, inakwenda hadi hapo na kusimama. Umeme ukikatika fimbo hairudi nyuma, parafujo inaishika. Okinyi alinisaidia kuunga nyaya, tukaifanya komeo la mlango wa chuma wa stoo ya mawe, kwa sababu tangu rashi ianze, watu wakafurika huku kufuata dhahabu, wezi hawalali. Baba alicheka mbele ya vijana wake. Alisema labda kitamsaidia Mama kusonga ugali, na kwamba binti mwenye akili huleta ng'ombe, haleti nyaya. Walicheka wote isipokuwa Okinyi.

Jumamosi ile mchana tulifanya majaribio. Nilimwomba aingie stoo na saa yake na daftari langu, ahesabu komeo linachukua sekunde ngapi kufika mwisho. Mimi nilikaa nje na kitufe. Tulifunga na kufungua mara tisa. Mara ya kumi nikaliunganisha komeo na king'ora, bila kumwambia mtu, kikalia.

Huku kwetu king'ora ni sawa na yowe: hakuna anayeuliza, kila mtu anakuja na alichoshika. Baba alifika wa kwanza, akaona mlango umefungwa na mtu anagonga kwa ndani. Akanishika bega. Akawatangazia watu kwamba mtoto wake amemnasa mwizi, kwamba Robi ana akili kuliko wanaume kumi. Baba hakuwahi kunishika bega kabla ya siku hiyo, Awino.

Okinyi alikuwa ananiita. King'ora kilimeza maneno yake, lakini mimi niliyajua: niwaambie ni majaribio. Baba akaniambia nifungue. Niliona kabisa jinsi itakavyokuwa: mlango utafunguka, kaka yako atatoka akicheka, na Baba naye atacheka tena. Nikasema betri imekwisha.

Walivunja bawaba kwa nyundo za kupasulia mawe. Walimkuta na daftari mkononi, ukurasa umejaa namba. Nyangwine, msimamizi wa karasha, akasema kumbe nyoka huyu anaorodhesha mifuko. Wakaanza na mkono ulioshika kalamu. Okinyi alinitazama mara moja tu. Baada ya hapo hakuniita tena.

Basi ukweli ni huo. Hakuingia kuiba. Nilimtuma mimi.

Walipomwondoa nilibonyeza kitufe. Fimbo ikarudi yote, bila kukwama. Daftari lilikuwa chini, nikaliokota. Ukurasa wenyewe nimeukunja humu. Mwonyeshe mama, ataujua mwandiko wa mwanawe. Kwenye mstari wa kumi ameandika: nane, safi sana.

Mfikishie mama shikamoo yangu, kama ataipokea. Kwa kaka yako sitaji salamu. Baba sijamwambia.

Kabla ya kuuchana ukurasa huo nilinakili namba zote kumi kwenye ripoti yangu ya mashindano ya sayansi. Juzi Ijumaa Baba alinipakia kwenye pikipiki tukaipeleka shuleni. Kulikuwa na mahali pa kuandika jina la aliyenisaidia. Nilipaacha wazi.

Ni mimi,
Robi