Gwanda la Ufukweni

Jumanne, nimeshasali isha

Lile gwanda silivai tena, hata laoban, bosi Mchina wa karakana, anune.

Mteja ni mzee wa Kikuba anayeishi uhamishoni Miami. Ujanani yeye na wenzake walirudi kwao na bunduki kuipindua serikali, wakapigwa ufukweni. Sasa anataka sare kama zile, za kuvaa kwenye kumbukumbu yao.

Leo nimempeleka Kangle, mtaa wa karakana za nguo, kuona sampuli, iliyoshonwa kwa vipimo alivyoleta mwenyewe. Mimi dalali wake, nguo siipokei bila kuijaribu mwilini, basi nikalivaa lile gwanda. Likanikaa utadhani nimepimwa mimi.

Mzee akainuka. Akanisogelea, akanifunga kifungo cha shingoni.

"Vipimo ni vya mdogo wangu," akasema. "Alibaki kule ufukweni."

Nikamwambia pole, mzee wangu. Hakunisikia. Akanishika mkono.

"Haya, mdogo wangu, twende. Mashua inatusubiri."

Laoban akacheka. Nilitaka kumwambia mzee kwamba mimi ni Saidi, mtu wa Unguja. Mdomo ukakataa. Mguu ukanyanyuka wenyewe ndani ya lile gwanda, nikamfuata.